Mama, Ulinipita Wapi?

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Na asifiwe tena kwa uvumilivu wenu, maana hii ni mara ya pili nasimama hapahapa kutoa ushuhuda. Mara ya kwanza mlipiga vigelegele, mkanipa na kuku. Ushuhuda ule ulikuwa na tundu. Leo nimekuja kuliziba. Nimeandika kila kitu kwenye daftari na nitasoma kama kilivyo, kwa sababu nikisimama bila karatasi huwa naongeza chumvi. Mimi niliishia darasa la saba, mnisamehe pale nitakapojikwaa.

Kwa wageni, mimi ni Ma Yustina wa Ijuganyondo, mke wa Ta Deo. Nilizaliwa Bumbire, kisiwani, kwa hiyo kuogelea sikufundishwa na mtu. Tuliyajua maji kabla ya kujua kusoma. Baiskeli nilijifunza ukubwani, nilipokuwa mhudumu wa afya wa mtaa, nikipita nyumba kwa nyumba kwenye migomba. Kukimbia ndiko nilikokuwa sikujui kabisa. Nina miaka hamsini na tisa, ni mzito, na sisemi hivyo ili mnihurumie.

Ndugu zangu, kabla ya haya yote nilikuwa mtu wa kulala. Kitinda mimba wetu alipoolewa, presha ilinipanda, magoti yakavimba, nikawa natoka kitandani kwenda kwenye mkeka na kutoka mkekani kurudi kitandani. Nesi mmoja akaniambia nitembee, la sivyo nitakuja kubebwa. Nikaanza kutembea mpaka Bakoba na kurudi. Baadaye nikajaribu kukimbia, nguzo moja ya umeme nakimbia, nguzo mbili natembea. Ma Leokadia, mwenyekiti wetu wa akina mama, alinikuta barabarani akaniuliza kama nimefukuzwa na ng'ombe. Mlicheka sana. Nami ningecheka, sina kinyongo.

Kila siku niliandika. "Leo nguzo nne." "Leo sikutoka, mvua, lakini kusema kweli ni uvivu, mvua ilikatika saa tatu." Daftari lile lilikuwa rafiki yangu kwa sababu sikuwahi kulidanganya.

Ndipo nikasikia kuna mashindano ya michezo mitatu kwa siku moja: unaogelea ziwani, unapanda baiskeli kuelekea Muleba na kurudi Bukoba, halafu unakimbia mjini mpaka miguu ikukatae. Nikacheka. Kisha nikaenda kujiandikisha kabla sijapata akili.

Hapo ndipo nilipomfahamu Mzee Shabani. Ni fundi cherehani, Mwislamu wa pale mjini, kanizidi miaka mitatu. Mimi na yeye ndio tulikuwa wazee wa kundi lile. Amenipa ruhusa nimtaje.

Siku yenyewe, ndani ya maji nilimwacha mbali. Kwenye baiskeli akanikuta, akanipita kabla hatujafika Muhutwe, akaniambia tutaonana njiani yeye akirudi. Sheria ilikuwa hivi: mbele ya Muhutwe kuna kilima kirefu, unakipanda, unateremka upande wa pili, chini kabisa kuna pipa jekundu. Unalizunguka pipa, unakipanda kilima tena, unarudi mjini. Nilikuwa nimekifanyia mazoezi kilima kile na kilikuwa kinaninyima usingizi.

Nilipofika juu, mapaja yanawaka. Mwelekezaji alikuwa amesimama pale na pikipiki, kavaa reflekta ya njano. Akanitazama kwa huruma. Akasema, "Bibi, geuza hapahapa, inatosha."

Nisimwekee maneno mdomoni, pengine alisema "yatosha". Pengine alidhani mimi ni wa mwisho kabisa na pipa limeshatolewa. Alikuwa juani tangu asubuhi na alisema kwa upole. Kosa si lake. Mimi ndiye niliyejua pipa liko wapi. Ningeweza kuuliza. Sikuuliza. Niligeuza, ndugu zangu, tena niligeuza haraka!

Mzee Shabani wakati ule alikuwa bado huko chini. Hakuniona nikigeuza.

Nilikimbia mjini, yaani nilijikokota. Muda wa mwisho ulikuwa saa kumi na moja jioni. Mimi nilifika dakika chache kabla, nikavishwa medali, watu wakashangilia. Yeye alifika muda umeshapita. Hakupewa kitu. Akawapa mkono waandaaji, akawashukuru, halafu akaniona mimi nimekaa kwenye kiti na medali shingoni, nakula ndizi. Akafurahi! Mtu yule alifurahi kwelikweli. Akauliza, "Mama, ulinipita wapi?"

Nikasema, "Huko huko njiani."

Jumapili iliyofuata nilisimama hapa. Mnakumbuka nilivyosema Bwana amenishika mkono mpaka mwisho. Mkanipa kuku.

Sasa sikilizeni jinsi kuku anavyoweza kumtesa mtu. Sikuweza kumchinja. Ta Deo akauliza mara mbili, nikasema ni wa mayai. Akaanza kutaga, mayai sikuweza kuyala. Kila akitetea asubuhi nilisikia ananiuliza nilimpita wapi. Na daftari nalo likanigomea. Siku ya mashindano nilikuwa nimeandika, "Nimemaliza, namshukuru Mungu," na baada ya mstari ule sikuweza kuandika chochote. Nilifanya mazoezi, nikarudi, nikafungua, nikaona mstari ule, nikafunga. Sikusali vizuri vilevile. Nilisali kwa kuzungukazunguka.

Wakati huohuo mlikuwa mnanishangilia. Akina mama kumi na wawili mlianza kutembea Jumamosi kwa sababu yangu. Nilijiambia nikisema kweli mtaacha, mtarudi kwenye mikeka yenu, na mimi ndiye nitakuwa nimewarudisha. Sijui kama niliwajali ninyi au nilijijali mwenyewe. Nadhani vyote viwili, ila mwenyewe zaidi.

Baada ya miezi kadhaa nilipeleka kitenge kwa Mzee Shabani kishonwe. Kila mteja aliyekuwepo, Mzee Shabani alimwambia habari zangu: mwoneni mama huyu, ana miguu ya ajabu, alinipita na sikumwona. Mimi nikiangalia chini. Nikamwomba anitarizie shingoni, kama nilivyosikia anavyowatarizia wengine. Akasema siku hizi hatarizi. Kazi ndogondogo anampa fundi mwingine, na baiskeli amempa mkwewe.

Nikauliza kwa nini. Akanieleza taratibu, bila kujihurumia. Tangu siku ile alikuwa na wasiwasi na macho yake. Barabara iko wazi, mchana kweupe, mama mzima na baiskeli anampita, naye haoni? Alikwenda kupima macho mara mbili. Walimwambia hayana tatizo, hakuamini. Akaona ni uzee, au pengine ni akili ndiyo inaanza kumtoka. Kwa hiyo ameanza kupunguza mambo mapema, kabla hajashona kitu cha mtu vibaya.

Ndugu zangu! Nilidhani nimeiba medali. Kumbe nilikuwa nimemwibia fundi macho yake!

Pale pale, kati ya vitambaa, nilimwambia Bwana moyoni, kwa kifupi, bila kuzunguka: nisaidie niseme. Nikasema, "Mzee Shabani, sikukupita. Niligeuza juu ya kilima. Kwenye pipa sikufika."

Akamalizia mshono uliokuwa kwenye cherehani, akakata uzi. Nilikuwa nasubiri anifukuze, na angekuwa na haki. Akavua miwani, akaitazama, akasema, "Alhamdulillahi. Kumbe macho yangu ni mazima."

Halafu akacheka mpaka mke wake akatoka ndani. Mimi nililia, yeye anacheka, na wateja hawajui washike lipi. Baadaye, nisimfanye malaika, alikasirika pia. Aliniambia miezi ile ilikuwa mirefu, na kwamba nimemchosha. Kitenge changu alikiweka chini kabisa ya rundo. Lakini alipokimaliza, shingoni kulikuwa na maua madogo, amenitarizia. Ndiyo gauni hili.

Sijui wengine mnasemaje, ila mimi nasema huko ndiko kukombolewa. Nilitoka pale mwepesi, nikakimbia nguzo saba bila kutembea! Niliporudi nyumbani nikafungua daftari, chini ya ule mstari nikaandika, "Si kweli. Niligeuza juu." Na kalamu ikakubali tena.

Medali niliirudisha kwa waandaaji. Walinipokea vizuri, wakafuta jina langu. Nilimwambia na Ta Deo. Akasema, "Basi ndiyo maana kuku haliwi." Kumbe alikuwa ameona tangu mwanzo kuna jambo.

Mzee Shabani alidai baiskeli kwa mkwewe, na mwaka huu tukajiandikisha tena, wote wawili. Safari hii sikuficha kwamba naogopa kilima.

Basi nikafika juu. Mwelekezaji alikuwa mwingine, akanipungia mkono niendelee. Nikateremka, upepo masikioni, na chini nikaliona pipa jekundu. Nililizunguka mara moja kama sheria ilivyo, halafu nikashuka, nikaligusa kwa mkono. Lilikuwa la moto kwa jua. Watu wa pale wakadhani nimechanganyikiwa. Kilima nilikipanda kwa miguu, nasukuma baiskeli, naimba, na sehemu nyingine siimbi, nahema tu. Niseme yote: nilikaa chini mara mbili.

Mzee Shabani alifika ndani ya muda. Alivishwa medali! Mimi nilipofika mwisho, saa kumi na moja ilikuwa imepita zamani. Mahema yalikuwa yanakunjwa, mtu anabeba viti. Medali hakuna, na ndivyo inavyotakiwa. Lakini akina mama wa Jumamosi walikuwepo, wote kumi na wawili, Ma Leokadia mbele, anauliza kwa sauti kama yule ng'ombe bado ananifukuza. Na Mzee Shabani alikuwa amesimama juu ya kiti, kashika miwani mkononi. Akapaza sauti watu wote wasikie, "Leo nimekuona, mama! Leo hukunipita!"

Sijawahi kusifiwa kwa namna hiyo maishani. Nilifurahi mpaka nikasahau kuvua kofia ya baiskeli, nikaenda nayo nyumbani.

Namshukuru Mungu aliyenipa miguu hii mizito, akanipa na muda wa kurudi mpaka kwenye pipa. Namshukuru Ta Deo, na ninyi ambao hamkuacha kutembea mliposikia habari zangu nusu nusu sokoni. Kuku wenu yuko pale mlangoni kwenye tenga. Ameatamia, ana vifaranga tisa, Ma Leokadia ataamua.

Na wewe unayenisikiliza, pengine kuna mahali uligeuza mapema, ukaambiwa inatosha, na moyo wako unajua haikutosha. Usiogope kurudi. Mwamini Mungu, mwambie kwa kifupi, kisha nenda kamwambie na mtu yule. Utashangaa jinsi mwili unavyokuwa mwepesi. Na kama ni magoti tu yanayokusumbua, njoo Jumamosi, tunaanza saa kumi na mbili asubuhi, tunakwenda polepole.

Kama kuna anayeona bado naongeza chumvi, Mzee Shabani amekaa pale nje na mke wake, nimemwalika. Mwulizeni kama nilimpita. Macho yake ni mazima kabisa.