Mama Léontine Mukandori na Unga wa Kashuga

Ndugu, majirani na marafiki mliofika hapa Lushebere, familia inawashukuru kwa kuja kumusindikiza Mama Léontine Mukandori, aliyezaliwa Buleusa, teritware ya Walikale, tarehe 14 Machi 1974, akasoma shule ya msingi palepale, sekondari Masisi-centre, kisha Bukavu, ambako mwaka 1998 alipata diploma ya kemia ya chakula.

Tarehe 5 Agosti 2000 aliolewa na Papa Maurice Muhindo, mufanyabiashara kutoka Butembo, Mungu akawapa Falone na Trésor.

Tangu 2003 alifanya kazi katika labo ndogo ya Masisi-centre, akipima protini ya jibini, maharagi na unga wa watoto, akichemsha kijiko cha unga ndani ya asidi kali, akipima azoti (nitrojeni) iliyomo, akizidisha kwa sita na robo ili kupata kiasi cha protini, kisha akiweka sahihi, na bantu waliiamini sahihi hiyo.

Mwezi wa Machi 2019 aliletewa unga wa soya wa kambi ya wakimbizi ya Kashuga, akapata namba nzuri, akasaini. Mwezi wa Juni, Mama Françoise, muuguzi wa kambi, alimwandikia kwamba watoto wanakula lakini uzito hauongezeki, naye akarudilia kipimo kilekile, akapata namba ileile, akajibu kuwa unga iko muzuri. Ni Novemba tu njo alibeba unga ule mupaka Bukavu, kwenye labo inayotenganisha protini kwa umeme, kila moja ikibaki kwenye mustari wake, na pale ambapo soya ilipaswa kuonekana karibu hakuona kitu. Azoti aliyoipima ilikuwa ya mbolea, muntu aliichanganya humo ili namba ipande, na kati ya Juni na Novemba watoto wanne walikuwa wamekufa.

Mudogo wake Émile, anayewasomea haya, alimushauri anyamaze, kwa sababu mudanganyifu hakuwa yeye. Alijibu, "Kipimo hakikukosea, Émile, ni miye. Françoise aliniambia watoto wanakonda, miye nikaamini namba."

Alienda Kashuga, akasimama mbele ya wamama, akasema yote. Mama Mamie, aliyekuwa amemuzika binti yake, alimuuliza, "Mbona haukukuja kutuangalia kwanza?" Toka siku ile hakusaini unga wowote bila kutenganisha protini zake, na bila kwenda mwenyewe kupima uzito wa watoto, lakini usingizi wake haukurudi vizuri tena.

Kansa ya titi ilionekana Februari 2023, akatunzwa kwa uvumilivu, akafariki tarehe 9 Agosti 2024, saa nne asubuhi.

Tunawashukuru madaktari, majirani wa Lushebere, wenzake wa labo, na wamama wa Kashuga waliotembea siku mbili kufika hapa. Kwenu ninyi wamama, Émile anaomba pardon, kwani shauri lake la kunyamaza lingesikilizwa, mungekuwa hamujui ukweli mupaka leo.

Dada, umechoka sana, pumzika sasa kwa amani ya Bwana.