Wimbo wa Makasia ni wa Nani?

Kijiwe chetu ni mtumbwi mbovu uliopinduliwa hapo ufukweni Rumonge, na Chausiku hutuuzia kahawa chungu kuliko maneno yake. Tangu Wadachi wajenge boma Usumbura, wapiga makasia wanaotakiwa kule ni wa hapa kwetu, na najidai nikisema hivyo, maana nami nimepiga. Tuna wimbo mmoja, ukianza mikono haichoki mpaka Minago. Feruzi, nahodha wetu, huapa kwamba aliutunga marehemu baba yake. Siku moja Hamissi, tunayemwita Boma kwa kuwa aliwahi kuwabebea Wadachi matofali, akaamua kumchokoza.

— Feruzi, baba yako hakutunga kitu. Ule wimbo iko wa Wadachi. Nilisikia tarumbeta yao kule bomani asubuhi, ni ule ule!

— Tarumbeta ile inalia kama mbuzi. Baba aliutunga mwenyewe.

— Wote mumekosa, akasema Amissi Mawese, mkamua mafuta. Ulitoka Kigwena, kwa wanawake wanaotwanga chikichi. Michikichi ikiusikia inazaa mara mbili.

— Na nani aliwafundisha hao wanawake? Boma akadakia. Ndagala, hao samaki wadogo! Wahenga walisema, mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani.

— Hiyo methali inaingia wapi? Chausiku akauliza.

— Inaingia ziwani.

Tukacheka, ila Feruzi hakucheka. Hana kaburi la baba yake la kuzuru. Ziwa lilimchukua, akabaki na wimbo tu.

Mgeni mmoja, Abdulhamid, aliyefika asubuhi na mtumbwi wa chumvi, akaweka kikombe chini.

— Amahoro, ndugu zangu. Wimbo huo naujua. Kwetu kusini kulikuwa na muzungu wa misheni, ukimwita Mwingereza ananuna. Kwao ni Welisi, milima mitupu kama hii yenu. Watu wanachimba mawe meusi chini ya ardhi, wakitoka wanauimba kanisani. Yeye akiuimba analia. Wapiga makasia wake wakauchukua.

— Astaghfirullahi! Boma akashika kofia. Miaka yote tunavuta kasia kwa wimbo wa kanisa?

— Maneno tuliweka yetu, nikamwambia. Mungu anajua.

Feruzi akainama. Niliumia kumwona vile.

— Imba basi, akamwambia mgeni. Tusikie kama ndio wenyewe.

Abdulhamid akaanza, nasi tukaingia. Ulikuwa wenyewe, hakuna ubishi. Mstari wa tatu tukanyamaza sote, mikono juu, kama desturi. Mgeni akaendelea peke yake mpaka akaona haya.

— Mbona mumenyamaza? Kwetu hapo hatunyamazi.

Tukatazamana. Mimi nimeuimba miaka kumi na miwili, sijawahi hata kujiuliza.

— Ni baba, Feruzi akasema taratibu. Alikuwa anatuinulisha makasia hapo, asikilize kama upepo wa ng'ambo unakuja.

— Basi hapo ni penu, mgeni akasema. Sisi hatuna kimya hicho. Nitawapelekea watu wangu.

— Na wao watanyamaza?

— Watanyamaza.

Feruzi akachukua kikombe changu, kahawa yangu ya moto kabisa, akampa mgeni. Nami nikamwita Chausiku alete kingine.