Unene wa Annonciata

Sogeeni karibu, wanangu. Elisée, kaa hapo kwenye gunia la mahindi, na wewe Grâce nishike mkono lakini usinivute, maana nyonga hii iliyovunjika haitaki mzaha. Nimeagiza mama yenu mudogo Annonciata aitwe, na kwa ule mgongo wake uliopinda atachelewa njiani, basi mengine niyaseme kabla hajafika.

Shamba la bondeni ni la Elisée. Cherehani ni ya Grâce, pamoja na vitenge vyote, isipokuwa kile cha kanisani, hicho mnizike nacho. Hayo hayana ugomvi. Ugomvi uko fasi moja tu, nafasi yangu mimi. Kwetu, mama akifa, mdogo wake ndiye anayekaa fasi yake, na watoto hawamwiti tena mama mudogo, wanamwita Mama. Mimi nakufa, wanangu, na mwanamke yule aliyechukua bwana wangu sasa anakuja kuchukua hata jina mnaloniita. Nina wivu. Nasema wazi, sina nguvu tena ya kuuficha.

Baudouin, yule mliyemjua kama baba mudogo, aliniposa mimi, Nabintu. Nikafungiwa ndani kama desturi ilivyotaka: bibi harusi haoni jua, hashiki jembe, ananyweshwa maziwa asubuhi hadi jioni ili anenepe. Nilikunywa hadi nikatapika, nikabaki vile vile. Annonciata ndiye aliyeniletea kibuyu, na nilichoacha alikimaliza yeye, akanawiri mpaka mikono ikang'aa. Siku shangazi zake Baudouin walipokuja kunitazama, walinishika hapa juu ya kiwiko, wakaangaliana, mmoja akasema mbele yangu, "Huyu iko mwembamba sana, atazaa namna gani? Mutupatie ule mudogo." Wakampata ule mudogo. Baba yenu Jean-de-Dieu alinipenda na wembamba wangu, Mungu ampumzishe, na niliwazaa ninyi bila shida, lakini moyo wangu haukuondoka katika siku ile.

Vita vikatutawanya, nikafika kambi hii ya Nakivale, huku Uganda, na nani nakuta hapa Kashojwa, nyumba ya tatu kutoka yangu? Annonciata. Mjane kama mimi, mkimbizi kama mimi, posho ile ile tunayoipangia mstari, lakini mashavu yake yamejaa! Wanawake wa kanisa wakimwona wanasema, "Mama huyu Mungu anamupenda." Nilikuwa naimba nao huku nimeuma meno.

Halafu tukapelekwa hospitali ya Mbarara, wazee wengi, tukapimwa mifupa kwa mashine. Nikaambiwa yangu imekuwa myepesi, imejaa matundu ndani. Sikungoja kusikia zaidi. Nilijua moja kwa moja kwamba ni wembamba ule ule ulioninyima bwana. Nikarudi nyumbani nikajifungia ndani kama bibi harusi, na mvi zote hizi! Ninyi mlidhani naomba Mungu. Nilikuwa nakunywa maziwa ya ng'ombe wetu na ya wale wachuuzi wa Bwizibwera, nakula viazi vinavyoogelea katika mafuta, sitoki juani, silimi, sitembei. Tumbo likatoka. Nilifurahi mno. Nikavaa kitenge, nikatoka ili Annonciata anione, na miguu iliyokaa bure muda wote ule ikanikataa pale pale mlangoni, nikaanguka, nyonga ikavunjika.

Munganga Jolly, daktari wa Mbarara, alinikemea kitandani. "Mama, nani alikudanganya? Mafuta ya mwili si godoro ya mfupa. Mafuta inatengeneza homoni, inatuma kwa damu, inaenda kuongea na mfupa. Mfupa pia iko na homoni yake, inajibu. Kwa mzee hii maongezi inaharibika. Homoni ingine inasaidia mfupa, ingine inaukula, na mafuta ya ndani ya tumbo ndiyo inaleta shida sana. Hata sisi bado tunasoma, hatujajua yote."

Annonciata alikuwa amekaa pembeni, amenibebea uji. Akasema, "Yaya, dada yangu, hata mie mifupa ya mugongo inabomoka. Mafuta yangu yote haikunisaidia kitu."

Mnafikiri nilifurahi? Nilikasirika kuliko siku zote. Maana kama unene wake haukuwa na nguvu yoyote, basi mimi niliachwa kwa ajili ya nini?

Nipeni maji kidogo. Asante.

Sikilizeni sasa. Mama yenu mudogo hana mtu hapa, watoto wake wamepelekwa ng'ambo. Mleteni akae katika nyumba hii, kwenye kitanda hiki. Msimfungie ndani kwa heshima. Kila asubuhi atembee juani, hata akinung'unika, na ninajua atanung'unika. Asiinue ndoo wala kuinama kwenye jiko. Dawa zake za Mbarara asizikose. Ng'ombe msimuuze, maziwa anywe Annonciata, lakini kikombe cha mtu mzima, si kibuyu cha bibi harusi. Mafuta kidogo, dagaa na maharage zaidi. Na mjukuu wangu Vanessa akiposwa, mtu akija kumshika mkono kupima nyama, mfukuzeni.

Anaingia. Nasikia anavyohema. Karibu, Annonciata, kaa kwenye kiti. Kitandani bado, mimi ningali hapa.

Nilitaka kuwaambia mngoje nizikwe ndipo mumwite Mama. Nimebadili. Nikifa sitajua mnamwitaje, na huko niendako nitakaa nikijiuliza kama mlimwita vizuri kunishinda mimi. Mwiteni sasa, nisikie. Grâce, anza.

Mh. Sauti ndogo. Usilie, mwanangu, rudia.

Elisée, na wewe.

Vizuri. Annonciata, umeitwa, itika. Wanakungoja.

Mungu awape mifupa migumu, wanangu. Awape... nyumba isiyokimbiwa. Grâce, sogea. Masikio yananikimbia. Mimi... mimi uliniita kwa nguvu zaidi. Sivyo? Mimi uliniita mpaka majirani wakasikia.

Niite hivyo tena.