Bi Falsafa Anaondoka Dawati la Malalamiko

Baada ya miaka thelathini na minne katika idara yetu ya maji, dada yetu, karani wa malalamiko tunayemwita Bi Falsafa, anastaafu tarehe thelathini mwezi huu. Uongozi umeniomba mimi, fundi bomba, niandike wasifu wake. Nadhani wenye kalamu nzuri wanamwogopa.

Kazi yake ilikuwa kupokea watu wenye hasira: bomba limepasuka, maji yana matope, fundi hajaonekana (huyo ni mimi). Aliiweza barabara, na cheo cha mkuu wa kitengo kilikuwa kinamnyemelea. Ndipo akaja mzee mmoja aliyefiwa na mkewe. Alidai mita yake ni mbovu, inasoma maji machache mno. "Nyumba yetu haitumii maji kidogo hivi!" Nikaikagua, nzima kabisa. Ofisi nzima ilicheka hadi ikashika mbavu. Bi Falsafa hakucheka, alimsomea jibu la kanuni, kwamba mita ni nzima. Mzee akarudi, akarudi tena, kisha akaacha kuja.

Mwaka huohuo Bi Falsafa akaomba ruhusa ya kwenda kusomea shahada ya uzamili ya falsafa. Idara hutoa ruhusa yenye mshahara kwa uhandisi na uhasibu, basi. Mkurugenzi akamuuliza, "Falsafa itaziba bomba gani?" Kaka yake akamfuata hadi ofisini: "Mdogo wangu, kwani njaa nayo siku hizi inasomewa?" Mimi nikamwagiza akirudi anieleze kati ya kuku na yai kipi kilitangulia. Akatujibu sote kwa mpigo, "Nimechoka kuwajibu watu nisiowaelewa." Akaenda bila mshahara. Cheo akapewa mwingine.

Alirudi dawati lilelile, kiti kilekile kinacholia kama paka. Foleni yake ikarefuka, maana sasa alikuwa anauliza na kusikiliza. Halafu akapigania jambo moja hadi likapita. Zamani nyumba ikishusha matumizi ghafla, tulitumwa kusaka wizi wa maji. Yeye akataka fundi aende kwanza bila begi la vifaa, abishe hodi, aulize hali. Nilinung'unika sana: mimi ni fundi au shangazi? Lakini wezi niliowakuta ni wachache. Wengi walikuwa watu waliobaki peke yao, na walinivutia kiti kabla sijamaliza salamu.

Yeye mwenyewe hakuvutiwa kiti na mtu. Mchana alikula karibu na dirisha, yeye na kitabu. Si majivuno, alijaribu kutusimulia anayosoma, tukamrudisha kwenye mpira na ada za shule. Aliosoma nao wakawa walimu wa vyuo. Kwao alikuwa karani, kwetu alikuwa msomi. Na tangu mama yake afariki, nyumbani hana hata wa kumuuliza ameshindaje.

Juzi nikamchokoza: dada, ungerudishwa ujanani, ungeenda tena kusoma? Akafuta miwani, akaivaa tena.

"Ningeenda," akasema. "Ila ningemshika mtu mkono, twende wote."

Dada, idara inakushukuru kwa kila aliyekuja akifoka akaondoka amesikilizwa. Mimi shule ilinishinda mapema, lakini ubishi nimezaliwa nao, na mlango wangu unaujua. Tunakutakia afya, usingizi mtamu, na mtu wa kubishana naye hadi chai ipoe.