Pazia la Chumba cha Cherehani

Mheshimiwa Mkurugenzi wa hospitali yetu. Muuguzi Mkuu, ambaye bila ukali wako mashuka yetu yangekuwa ya kufunikia paka. Sheikh na Mchungaji, ambao leo nimefurahi kuwaona mmekaa meza moja bila kuitwa na mgonjwa. Madaktari, wauguzi, madobi, wapishi, na walinzi mlioacha geti na mtu mmoja ili mje kula. Ndugu na jamaa wa mstaafu wetu. Na wewe mwenyewe, Bi Mkasi, mwenzangu wa miaka ishirini na saba: nawasalimu nyote. Asalaam aleikum kwa wanaoitika hivyo, Bwana asifiwe kwa wanaoitika hivyo, na habari za mchana kwa wale ambao macho yao yako kwenye masufuria tu.

Nimepewa dakika kumi. Mimi ni fundi cherehani, si msemaji, na fundi cherehani akishakanyaga pedeli haachi mpaka uzi ukatike. Mnivumilie.

Wengi wenu hamjawahi kuingia chumba chetu. Kiko nyuma ya chumba cha dobi, kina dirisha moja, cherehani sita, meza moja ndefu ya kukatia, na joto la pasi ambalo halijui mapumziko. Lakini hakuna aliyelazwa hapa ambaye hakulalia kazi yetu. Kila shuka, kila foronya, kila gauni la mgonjwa lile lisilofunga vizuri mgongoni, mnalolilalamikia kila siku, limepita mkononi mwa Bi Mkasi kwanza, kisha mkononi mwangu. Yeye hukata, mimi huunga. Anapanga kitambaa tabaka ishirini, anakitazama kama mtu anayemtazama mwizi, kisha anakata bila chaki, na vipande vyote vinatoka sawasawa. Nimejaribu kazi hiyo mara moja. Wagonjwa wa wiki ile walivaa magauni yenye mkono mmoja.

Sasa, mtu akistaafu husifiwa kwa bidii na kwa kuwahi kazini. Hayo yote anayo, na cheti chake kitayasema. Mimi nataka kumsifu kwa siku moja tu, siku ambayo nilimkosea kosa ambalo mtu asiye fundi cherehani asingeweza kulifanya.

Mwaka wetu wa tatu kazini, mama yake mzazi alilazwa wadi ya wanawake, hatua hamsini kutoka kwenye cherehani zetu. Mama yule alinipenda. Kila nikienda kumjulia hali alinishika kola, akaigeuza kuona mshono wa ndani, akasema, "Mkono wako mzuri, mwanangu." Asubuhi moja ya siku ya mapumziko, maduka yote yamefungwa, mama akafariki. Mama mdogo wa Bi Mkasi akaja na bafta nyeupe aliyokuwa ameiweka nyumbani. Bi Mkasi akaikata sanda juu ya meza yetu ileile, vipande vitano, halafu akaitwa kwenda kumwosha mama yake. Aliniachia neno moja tu: "Niangalizie."

Nikaangalia. Na nilipoangalia, nikaona kingo mbichi na nyuzi zinaning'inia. Ndugu zangu, nyinyi mngefanya nini? Kwetu sisi Wakristo maiti huvalishwa nguo iliyo bora kuliko zote alizowahi kuwa nazo. Nikajiambia, huyu ndiye mama aliyekagua kola yangu, leo aondoke na kitambaa kisicho na pindo, na mimi fundi nimekaa hapa nimekunja mikono? Nikawasha cherehani. Nilikuwa na saa moja na nusu. Nikavipiga pindo vipande vyote vitano, mshono mdogo mdogo, kumi na miwili kwa inchi. Na kile cha kichwani nikakitia lesi. Lesi ile nilikuwa nimeitunza kwa ajili ya harusi ya binti yangu. Nikaitoa, na nikalia kidogo kwa kuona jinsi nilivyo mwema.

Mlango ukafunguliwa. Wa kwanza kuingia alikuwa mama mdogo. Alikishika kipande cha kwanza, akakigeuza, akashika cha pili.

"Nani kafanya hivi?" akauliza. "Dada yangu anakwenda kaburini, haendi harusini!"

Nikasema ni mimi. Akanitazama, akaniuliza mbele ya watu, "Umekusudia kutudhihaki?"

Maziko yalikuwa alasiri. Bafta nyingine hakuna, duka hakuna. Bi Mkasi alisimama mlangoni, mikono yake bado imelowa, na mimi nilijua kabisa kwamba nimempoteza. Kwa sababu mtu anaweza kusamehe matusi, lakini atasamehe vipi aliyeyachelewesha maziko ya mama yake?

Bi Mkasi akavuta kiti. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Sanda yetu haitiwi pindo wala pambo, dada. Tajiri na fukara wanaondoka sare moja. Mama alikuwa akilipenda sana jambo hilo." Akanipa wembe. "Kaa. Tufumue."

Tukafumua. Yeye, mimi, mama mdogo aliyekuwa bado amenuna, muuguzi mmoja wa wadi ile, na dobi wetu ambaye hakujua tunafumua nini ila aliona wanawake wanalia akaona si vizuri kusimama tu. Jamani, mshono wangu mdogo mdogo! Siku zote nilijivunia mishono kumi na miwili kwa inchi. Siku ile niliilaani mmoja baada ya mwingine. Tulimaliza saa tisa kasoro. Kitambaa kikarudi kama kilivyokuwa, isipokuwa jambo moja, kwamba sindano ikipita huacha tundu, na kingo zote zilikuwa na mistari ya vitundu.

Nikamwambia Bi Mkasi nimekiharibu. Akakiinua kwenye mwanga wa dirisha, akatazama vile vitundu. "Waliomwosha ni ndugu zake," akasema. "Wewe hukuweza kuingia. Basi vitundu hivi viende naye." Mama mdogo alisikia. Alipokuwa anatoka alinishika bega, na mkono wake ulikaa pale kwa muda.

Wiki moja baadaye, Bi Mkasi aliniuliza swali ambalo sijalisahau: "Kwa nini hukuniuliza?"

Nikamjibu, "Nilidhani nakujua."

Na kweli nilidhani. Miaka mitatu nilikuwa nimecheka naye, nimeazima uzi wake na yeye kuazima mwavuli wangu, nimemwona akitandika msala wake pembeni ya meza ya pasi kila adhuhuri, na katika miaka hiyo yote sikuwahi kumuuliza neno moja kuhusu imani yake, kwa sababu nilifundishwa kwamba kuuliza ni utovu wa adabu, na kwamba watu wa dini mbili wakitaka kupatana dawa yake ni kunyamaza. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Mimi nilikuwa na adabu nyingi, na ujinga wangu nikaulinda vizuri sana, mpaka ukaja kunitoka juu ya sanda ya mama wa mwenzangu.

Yeye hakufanya kosa hilo. Mume wangu alipofariki, Bi Mkasi alifika kabla ya ndugu zangu wa damu. Alisimama mlangoni, hakugusa kitu, akaniuliza, "Kwenu mnafanyaje?" Nikamwambia kwetu tunakesha tukiimba, tunamvalisha suti, halafu kuna ibada. Akasema, "Suti iko wapi?" Akaipiga pasi mara tatu, mimi nikamwambia imetosha, akasema kola bado. Siku ya ibada alikaa benchi la nyuma, mkoba magotini. Alikuwa ameniambia mapema, "Kuimba sitaimba, lakini kukaa nitakaa." Mchungaji, wewe ulikuwepo. Hakubadilika kuwa Mkristo siku ile, kama ambavyo na mimi sikubadilika kuwa Mwislamu juu ya ile bafta. Kila mmoja alirudi kwenye swala zake. Lakini niulizeni, katika kanisa zima, ni nani alinishika zaidi siku ile kuliko yule asiyeimba?

Naona Muuguzi Mkuu anatazama saa. Nakuja, Muuguzi Mkuu. Nimebakiza upande mmoja.

Mheshimiwa Mkurugenzi, mwezi uliopita vijana wetu wawili wa chumba cha cherehani waligombana. Wako pale, mmoja kwenye nguzo ile, mwingine kwenye nguzo hii, kana kwamba ukumbi huu hauna viti katikati. Mpiga pasi wetu alikuta marobota ya mashuka yamewekwa juu ya msala wake, na alama ya kiatu juu yake. Mshona foronya, aliyeyaweka, hakujua. Badala ya kuuliza, mwenye msala akamwambia mwenzake asiweke tena bakuli lake la chakula karibu na lake, kwa maneno ambayo sitayarudia mbele ya Sheikh. Huyu naye akajibu kwa maneno ambayo sitayarudia mbele ya Mchungaji. Vyombo vikikaa pamoja havikosi kugongana. Lakini hawa waliacha kusalimiana, na waliobaki wakaanza kuchagua upande.

Wewe, Mheshimiwa, ukasikia, ukahuzunika. Najua ulihuzunika, kwa sababu ulikuja mwenyewe, na wakurugenzi hawaji nyuma ya dobi. Ukaagiza kitambaa cha kijani kizito, mita kumi na nne, na barua ikaja kwangu: nishone pazia la kugawa chumba sehemu mbili, huku Waislamu, huku wengine, ili kila mtu afanye kazi kwa amani. Litundikwe Jumatatu, siku ya kwanza ambayo Bi Mkasi hatakuwepo.

Mheshimiwa, nakuheshimu, na kwa heshima hiyohiyo nitasema. Pazia lako ni pindo langu. Umelitoa kwa moyo mweupe kama mimi nilivyotoa lesi ya binti yangu, na kama mimi, hukuuliza. Hukumuuliza mpiga pasi anahitaji nini. Angekwambia anahitaji pembe moja safi kwa dakika kumi za adhuhuri. Hukumuuliza mshona foronya. Angekwambia anataka kuombwa radhi, na yeye pia anataka kuomba ila hajui aanzie wapi. Nimejua haya kwa njia ngumu sana: niliwauliza.

Nikajiuliza pia, lile pazia lingekuwepo mwaka wetu wa tatu ingekuwaje? Nisingeiona ile bafta. Nisingeiharibu, ni kweli. Lakini nisingefumua pia. Ningekuwa upande wangu nimekaa na adabu zangu, na mwenzangu upande wa pili analia, mimi nikidhani ni cherehani inakwaruza.

Sasa naomba niungame. Pazia halipo. Mheshimiwa, tafadhali tazama kitambaa kilichofunika meza yako. Na Sheikh na Mchungaji, inueni viwiko. Na meza ya madaktari, na ile ya walinzi, na zote mpaka mlangoni. Ndiyo, ni cha kijani. Ndiyo, ni kizito. Ni mita kumi na nne kamili, kitambaa kimoja juu ya meza tulizoziunganisha zikawa moja ndefu, na leo nyote mnakula juu yake. Aliyekikata ni Bi Mkasi, bila chaki, nayo ndiyo kazi yake ya mwisho hapa. Kama kuna barua ya onyo, inastahili majina mawili, ila mwenzangu utumishi wake ulikwisha jana jioni, kwa hiyo mzigo huo nitaubeba mwenyewe. Naogopa, sitakuficha. Nina miaka minne ya kazi iliyobaki na ninaihitaji. Lakini naomba, kabla hujaiandika, uje chumbani kwetu ukae nasi siku moja, utuulize.

Bi Mkasi, zawadi yako nayo iko mezani. Ni bahasha ile ndogo. Ndani yake kuna kipande cha lesi. Ndiyo, ileile. Siku ile ulinirudishia, na binti yangu aliolewa nayo, na kipande hiki kilibaki. Safari hii sikukishona popote. Ukipende au usikipende, utaamua mwenyewe. Nakushukuru kwa kunipa wembe siku ambayo ungeweza kunifukuza. Nakupenda, dada yangu, na Jumatatu sijui nitamtazama nani nikikosea.

Nimebakiza jambo moja. Nimeshona kingo tatu za kitambaa hiki. Wa nne, ule wa upande wa mlangoni, sikuupiga pindo, na si kwa sababu ya uvivu. Ni wa vijana wawili wa kwenye nguzo. Sitaki mkumbatiane mbele ya watu, hayo ni mambo ya kwenye picha. Nataka mkae huku na huku mshone mpaka mkutane katikati, na kabla sindano haijaingia, kila mmoja amuulize mwenzake lile swali: kwenu mnafanyaje?

Ehe? Umesemaje, mpiga pasi? Sikukusikia. Unasema sindano unayo? Sema kwa nguvu, Mheshimiwa asikie. Na uzi je, nani ana uzi?

Haya. Naona mtu wa nguzo ya pili anafungua mkoba.

Mpisheni njia, tafadhali. Mlioko upande wa mlangoni, sogezeni sahani zenu, na mchuzi msimwage hapo, kazi bado inaendelea. Mungu awape heri nyote, kila mmoja kwa jina analomwitia. Nawashukuru kwa masikio yenu, na kwa kuniacha nimalize uzi wangu.