Gari Tuliloliombea Bila Kufungua Kapo

Papa Sifa, mume wangu, alikanyaga frein, ile breki ya gari, na frein ikaenda mpaka chini bila kushika kitu. Akakanyaga tena. Akaniangalia tu, na mimi nikaelewa. Tulikuwa katika muteremuko wa kutoka Fizi, gari imejaa mifuko ya mihogo, na Mama Noela nyuma yangu alikuwa bado anacheka.

Ndugu zangu, jina la Yesu litukuzwe! Mimi ni Mama Sifa, muuza samaki wa hapa Baraka, na nasimama mbele yenu kwa miguu yangu miwili ju Mungu alinitoa katika ile gari. Mama Noela hakutoka. Kwa hiyo sikuja kuwafurahisha. Nimekuja kusema namna niliingia mule ndani, na nani aliniingiza.

Miaka mingi nilikuwa nafuata ndakala, samaki wadogo wa ziwa, Kazimia kwa mutumbwi, kisha napandisha Fizi, siku zingine mpaka Kilembwe. Mara kwa moto, pikipiki ya kukodi, mara juu ya kamio, lori ya watu. Mvua ikinyesha, samaki inaoza na mimi nalia. Nilitamani gari kama Hana alivyotamani mutoto!

Shemasi Asukulu, ule anayetusomea matangazo kila yenga, siku ya ibada, alikuwa na gari ya zamani, nyeupe. Akaja nyumbani kwetu yeye mwenyewe.

«Mama Sifa, nasikia unatafuta gari. Yangu iko ya mutu wa Mungu. Haijapakia pombe hata siku moja!»

Tukacheka, na maneno yake yakaniingia. Jirani yetu Koko Mwavita, ule muzee aliyenizalisha Sifa, akazunguka gari, akashika kiuno: «Ee! Hii na mie, nani alizaliwa mbele?» Watu wote walicheka. Asukulu hakucheka.

Akatupeleka mpaka Lusenda na kurudi. Munaijua ile njia, ndugu zangu: inafuata ziwa, iko sawa kama meza. Gari ilikimbia muzuri. Chini ya kiti nikaona chupa, nikauliza ni ya nini. «Mafuta ya frein, mama. Akiba tu.» Nikasema moyoni, huyu baba ana akili, anatembea na akiba. Mjinga mimi!

Mudogo wangu Alimasi ni fundi. Aliposikia, akakasirika. «Dada, ile si kujaribu gari, ile ni kutembea! Mupandishe Fizi, mushuke nayo na mizigo. Na kwanza mimi nilale chini yake, niangalie.»

Papa Sifa akasema Alimasi ana haki. Mimi mwenyewe njo nilikataa. Nilikataa kwa haya.

Kwetu kanisani, ukinunua kitu kwa ndugu, tunakiwekea mikono kwanza. Ile yenga bamama ba kwaya walizunguka gari, Asukulu akamimina mafuta ya kuombea juu ya kapo, kile kifuniko cha injini: «Hakuna ajali itakayoikaribia!» Kanisa lote, amina! Baada ya ile amina, nani angemwita fundi kufungua na kuchunguza? Wangesema Mama Sifa anamufanya Mungu muongo. Hivi kapo ikapakwa mafuta, haikufunguliwa, na tukalipa.

Tulipopanda Fizi mara ya kwanza, samaki yote iliuzwa, tukanunua mihogo. Wakati wa kurudi nikamuona Mama Noela anangoja moto. Tulikuwa marafiki tangu tukiwa batoto. Nikamwita: «Acha hiyo, njoo kwangu! Gari imeombewa hii!» Akapanda anaringa: «Leo niko bibi ya administrateur, mukubwa wa serikali, mutu asinisalimie!»

Mimi njo nilimwita. Kila asubuhi nasikia sauti yangu inamwita.

Papa Sifa aligonga ukingo wa mulima ili tusianguke kwenye shimo. Gari ikalala upande wa Mama Noela. Mimi nilitokea kwenye kioo cha mbele. Papa Sifa, mukono wake haushike kitu mpaka leo.

Kwenye kilio cha Mama Noela, Asukulu akasimama kufariji watu. Akasema: «Kuna mutu aliicheka ile gari mbele yetu sote.» Watu wote wakageukia Koko Mwavita. Na mimi, ndugu zangu, nilimuamini! Nikaacha kumusalimia. Nikakataza batoto wangu kufika kwake. Vijana wakaanza kumwita mulozi, mchawi, njiani, hata kuchota maji akaacha kwenda.

Ndipo Bwana akanifungua macho. Alimasi alikwenda kufungua ile gari, akarudi na kipande cha bomba ya frein. Kimezungushwa mupira wa ndani wa baiskeli, umefungwa, ukafungwa tena juu yake, na mafundo ya chini yamekuwa meusi kwa uzee.

«Dada,» akasema, «mulozi hafunge hivi. Hii ni mutu na mikono yake. Ilivuja tangu zamani, njo maana ya ile chupa.»

Nilikwenda kwa Koko Mwavita, nikapiga magoti mulangoni. Akanishika mukono. «Nilicheka gari, mwanangu, sikukucheka weye. Inuka, ukule.»

Huo ndio wokovu wangu! Bwana alinitoa katika chuma, akanitoa na katika uongo. Mumutumainie, ndugu zangu, Yeye hakunidanganya! Muombee magari yenu, lakini mufungue kapo kwanza. Mungu haone haya kuangalia uchafu wa injini.

Makosa yangu nimeyataja. Nilionywa, nikaogopa macho ya watu kuliko muteremuko. Batoto ba Mama Noela nimewaomba musamaha, na hata wakininyima, wana haki.

Sasa wewe, Shemasi Asukulu. Nakuona pale kwenye kiti cha mbele. Hii bomba naiweka hapa kwenye meza, mupira uko juu yake bado. Usituombee leo. Usitusomee matangazo. Batoto ba Mama Noela wamekaa benchi ya pili, wanakuangalia. Simama, uwaambie: nani alifunga huu mupira? Na siku ile ulipomimina mafuta juu ya kapo, ulijua kilichokuwa chini yake?