Wadhamini Wawili

Aciro, dada yake Oyat, alizikwa Jumatano, na Oyat akapata habari Jumamosi. Tangazo lilikuwa kwenye tovuti ya ukoo, ambayo siku hizi haifunguki kwa asiye mwanachama.

"Si ungejiandikisha, mzee?" aliuliza Hajati Taqwa, mwuza vitambaa aliyeketi naye kwenye taksi ya abiria iendayo Nateete.

"Wanataka wanachama wawili waseme wananijua. Mmoja nilikuwa naye, huyo huyo Aciro. Wa pili nilikuwa bado namtafuta."

"Ukoo mzima umekosa mtu?"

"Nimelinda mageti hapa Kampala miaka thelathini, Hajati. Kule kwetu nani ananijua tena?"

"Kuifunga tovuti wamefanya vyema. Kwetu Kibuli, matapeli walichukua picha ya marehemu wetu, wakachangisha pesa nayo. Na wewe getini, usiyemjua unamfungulia?"

"Simfungulii. Lakini namuuliza katoka wapi."

Hajati akacheka, kisha akaona anacheka peke yake. "Simu je?"

"Hawapigi tena. Wanasema habari imeshatangazwa kwenye tovuti."

Taksi ikasimama Nateete, Hajati akashuka na mzigo wake.

Kwenye maziko ya Jumatano, waombolezaji walizidi mia mbili. Aliyezaliwa tumbo moja na Aciro alikuwa mmoja tu, na Jumatano hiyo alikuwa kazini.